Mama, Umekitazama Kidole Gumba cha Mwanao?

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuelimishana juu ya kuhara kwa watoto, malaria, lishe na uzazi salama. Ni vema, na tusiache. Lakini safari hii twaomba mtuvumilie tuseme juu ya mkono, na hasa kidole kimoja cha mkono, kidole gumba. Sisi tunaotumika hapa Malambo, siku za kazi katika uuguzi na Jumamosi katika kuwatembelea wagonjwa pamoja na akina mama wa kanisa, tumeona mikono mingi ikiharibika polepole huku wenyewe wakisema, "Ni kidole tu."

Malambo ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, mashariki ya nyanda za Serengeti, mahali penye joto na vumbi jingi. Wenyeji wake walio wengi ni Wamaasai, watu wa mifugo. Mtoto wa kiume akianza kufuata ndama, naye bado hajang'oa hata jino la kwanza, hupewa fimbo. Fimbo hiyo huswagia, huegemea, hulaza mabegani akaning'iniza mikono yake, huulia nyoka, na ng'ombe wakitulia malishoni hucheza nayo. Wavulana hushindana kutupa rungu, kisha hupigana kwa fimbo kwa utani, mmoja amezungusha shuka mkononi liwe ngao. Mchezo huo ni wa zamani kuliko zahanati yoyote, nasi hatukuja kuukataza. Pia ni mzuri kuutazama, tukisema kweli.

Basi anayecheza kwa fimbo huumia mkono, kwa sababu mkono ndio ulio mbele. Akiinua mkono kujikinga, fimbo humpata kwenye mfupa wa chini ya kiwiko, ule ulio upande wa kidole cha mwisho. Mfupa huo hauna nyama ya kuufunika, huvunjika upesi. Huyo huletwa kwetu, maana mkono umepinda na kila mtu anaona. Anayepigwa juu ya vifundo vya vidole huletwa mara chache. Na yule aliyeanguka huku ameshika fimbo, kidole gumba kikavutwa nje, huyo haletwi kabisa. Hulala siku mbili bila kuswaga, siku ya tatu hurudi porini, na mwaka unapita.

Jaribu, mama, kukamua bila kidole gumba. Jaribu kushika uzi na kuuingiza katika ushanga, kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule, kumenya ndizi, kufungua mfuniko wa dawa, kushika kalamu. Wataalamu wa mikono hukadiria kwamba kidole gumba peke yake hubeba kati ya asilimia 40 na 50 ya kazi ya mkono mzima. Vidole vingine vinne vyapata mgawo uliobaki. Ndiyo maana twasema kidole gumba si "kidole tu".

Sasa wengine mtasema, haya ni mambo ya wafugaji, sisi wa mjini yatuhusu nini? Yanawahusu kwa njia ya shule na vyuo. Upo mpira wa magongo, ambao mabinti na vijana wetu huukuta wakienda kusoma. Mchezaji hushika kwa mikono miwili gongo lililopinda mwishoni, mkono wa kushoto juu na wa kulia chini, naye huinama akisukuma mpira mdogo ulio mgumu kama jiwe. Uzito wa mpira huo ni gramu 156 hadi 163. Vidole viko pale pale chini, karibu na mpira, karibu na gongo la mwenzake, karibu na ardhi. Kidole hubanwa kati ya gongo na ardhi, au hupigwa na mpira ulioruka, au mchezaji huanguka akiwa hajaachia gongo.

Mchezo huu si mgeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Barcelona mwaka 1971. Mwaka 1980 wanaume wa Tanzania walicheza magongo katika Olimpiki ya Moscow, ile ile ambayo Filbert Bayi, mzaliwa wa huku kwetu Karatu, alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji. Vijana wetu wa magongo walifungwa vibaya, tusifiche. Lakini katika michezo hiyo hiyo magongo ya wanawake yalichezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, na medali ya dhahabu ikachukuliwa na wanawake wa Zimbabwe, nchi iliyokuwa imepata uhuru miezi michache tu kabla, mwezi Aprili. Kwa hiyo mzazi anaposikia binti yake amechaguliwa timu ya magongo asishtuke kana kwamba ni mchezo wa kihuni.

Huko Marekani vyuo vina michezo mitatu ya fimbo: magongo ya kwenye barafu, magongo ya uwanjani kama haya yetu, na lakrosi, ambayo fimbo yake ina wavu mwishoni wa kudakia mpira. Wachezaji wa barafu na wanaume wa lakrosi huvaa glovu nene kama mito. Wasichana wa magongo ya uwanjani wengi wao hucheza mikono mitupu au na glovu nyepesi, na waliochunguza majeraha ya vyuo vya huko waliona kwamba ndio walioumia mikono na vidole kuliko wenzao. Hata glovu nene haikingi yote, maana katika lakrosi kidole gumba hulala juu ya mpini, na fimbo ya mpinzani ikishuka humkuta huyo kwanza. Kama wenye glovu huumia, vipi wetu wanaocheza kwenye kiwanja cha changarawe?

Tuje kwa binti wa jirani yetu. Jina hatulitaji, na chuo chake hatukitaji, maana haikuwa nia ya mtu yeyote kumdhuru. Alikuwa mwaka wa pili wa ualimu. Alirudi nyumbani likizo ya mwezi wa sita mwaka jana, na asubuhi ya pili mama yake alimwona anakamua kwa mkono wa kushoto. Binti huyu tangu utoto hukamua kwa wa kulia, na kushika kibuyu kwa wa kushoto. Mama hakumwuliza kitu mbele ya watu. Alimaliza kazi, akavaa shuka lake, akaja kwetu akasema, "Nesi, mtoto ananificha mkono."

Tulimwita binti aje kutusaidia kupanga kadi za kliniki, kisingizio ambacho hakumdanganya hata yeye. Aliinamisha kichwa, tukamgusa utosini kama ilivyo desturi, akakaa, mkono chini ya shuka. Siku 12 zilikuwa zimepita tangu aanguke uwanjani akiwa ameshika gongo. Aliyetoa huduma ya kwanza chuoni alimwambia kimeteguka kidogo, akamfunga bandeji laini, na kesho yake akamvuta kidole "kirudi mahali pake". Uvimbe ulikuwa umepungua, rangi ya kibuluu imekuwa njano. Lakini kwa ndani, upande unaotazama kidole cha shahada, palikuwa na kidonge kidogo kigumu kilichomuuma kila kilipoguswa. Tulimpa karatasi aibane kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Tukaivuta, nayo ikatoka kama imewekwa juu ya meza.

Kwa nini alificha? Kwa sababu ya baba yake. Mzee yule aliuza ng'ombe kumsomesha, jambo ambalo wazee wenzake walimcheka. Binti aliona kwamba habari ya kuumia mchezoni itampa baba sababu ya kusema basi, na tayari palikuwa na watu waliokuwa wakiuliza habari za mahari. Alipanga kukaa kimya mpaka likizo iishe, arudi chuoni na kidole kilivyo. Akina mama, binti wa miaka 21 alikuwa anapima kidole gumba chake kwa shule yake, peke yake, usiku, bila kumwambia mtu. Tulipofahamu hivyo tuliacha kumhoji.

Hapa twaomba kueleza kidogo kilichokuwa ndani ya kidole hicho, kwa sababu ukielewa hutasahau. Pale kidole gumba kinapoungana na kiganja pana kifundo, na kila upande wa kifundo pana kano, yaani ukanda mgumu unaoshika mfupa na mfupa usiachane. Kano ya upande wa ndani ndiyo inayokizuia kidole kisisukumwe nje unapobana kitu. Mtu akianguka na fimbo mkononi, fimbo huwa kama mtaimbo: hukisukuma kidole gumba nje kwa nguvu ya mwili wote, na kano hiyo hukatika. Mwaka 1955 daktari mmoja aitwaye Campbell aliandika juu ya watunza wanyama wa mashamba ya Scotland, ambao vidole vyao vililegea kwa kazi ya kuvunja shingo za sungura kila siku. Baadaye madaktari waliona jambo lile lile kwa watu wanaoteleza kwenye theluji, ambao huanguka wakiwa wameshika fimbo zao. Wachungaji wa Malambo hawakutajwa popote, lakini fimbo ni fimbo.

Kano iliyochanika nusu hupona yenyewe ikiachwa itulie. Iliyokatika kabisa ina hatari ya pekee, aliyoieleza daktari wa Sweden, Bertil Stener, mwaka 1962. Ncha iliyokatika yaweza kuchomoka na kukaa juu ya utando wa msuli ulio jirani, ikashindwa kurudi chini yake. Fikiria ukanda wa ngozi uliopita chini ya uzio wa miiba, ukavutwa, ukakatika, ncha yake ikabaki juu ya miiba. Utafunga uzio hata mwaka mzima, ukanda hautarudi chini. Vivyo hivyo kidole chaweza kufungwa hogo miezi mitatu, na kano isiungane, kwa sababu ncha mbili hazionani. Hapo dawa ni upasuaji, na upasuaji huo hufaa zaidi ukifanywa mapema, katika majuma matatu hivi ya kwanza. Kile kidonge tulichokigusa kwa binti kilitutia shaka hiyo, nasi tulikuwa siku ya 12.

Tukaenda kwa mzee jioni, sisi wawili na mama wa binti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya boma. Alisikiliza yote bila kukatiza, kama walivyo wazee wa huku, kisha akasema, "Nilimpeleka akasome. Sikumpeleka akapigwe fimbo. Fimbo zipo hapa." Mama yake binti akatazama chini. Mzee akatoa kichupa chake cha ugoro, na hapo ndipo tulipomwona anachukua ugoro kwa mkono wa kushoto, ingawa kichupa alikifungua kwa wa kulia kwa kukibana kifuani.

Tulimwomba radhi, tukamwambia, "Baba, hebu tuone mkono wako wa kulia." Kidole gumba chake kilikuwa kimelegea, kinakwenda nje kama mlango usio na bawaba moja. Alisema, "Hii? Hii ni ya zamani, nilikuwa layoni. Nilianguka mtoni tukicheza." Tukampa karatasi aibane. Ikatoka. Akaichukua, akaibana tena, ikatoka tena. Mara ya tatu alikataa kuitoa mkononi mwetu, akaiangalia kwa muda.

"Na huyu atakuwa hivi?"

Tulimjibu kwamba asipotibiwa twadhani atakuwa hivyo, naye kazi yake itakuwa kushika chaki na kalamu kila siku ya maisha yake. Mzee hakusema kitu tena jioni ile. Alfajiri kijana wake alipita barabarani akiswaga mtamba mmoja kwenda kuuza.

Wengine watauliza, mtamba wa nini, si wanafunzi wana bima? Alikuwa nayo, nayo ilisaidia. Lakini hakuna bima inayolipa nauli ya kutoka Malambo, wala chakula cha mama anayesindikiza, wala mahali pa kulala mjini, wala maziwa yasiyokamuliwa nyumbani wakati mama hayupo. Hayo ndiyo yanayowafanya watu waseme ni kidole tu. Tumelisema hili kwenye vikao, na tutalisema tena. Kutoka kwetu hospitali iliyo karibu kwa mambo makubwa ni ya Wasso, ambayo padri na daktari Herbert Watschinger wa Austria aliianzisha miaka ya 1960, na wagonjwa wa mifupa wanaohitaji bingwa hupelekwa mbali zaidi, Arusha au KCMC Moshi. Barabara yenyewe ni mawe na makorongo, na mvua ikinyesha hutakiwa kungoja.

Binti alipasuliwa siku ya 19. Mama yake alituambia daktari alimwonyesha kwa mchoro jinsi ncha ya kano ilivyokutwa imekaa nje ya utando. Alifungwa hogo majuma kadhaa, kisha kifaa cha kuvua na kuvaa, kisha mazoezi ya kukunja na kubana ambayo yalimliza kuliko upasuaji. Chuo kilikubali mazoezi yake ya kufundisha yasogezwe mbele. Kidole ni kigumu kidogo asubuhi, hakikunjiki chote kama cha kushoto, lakini karatasi haitoki.

Kuhusu magongo, hapo boma halijapatana. Mzee amesema achague, gongo au kalamu. Binti hajajibu. Sisi tumetoa maoni yetu tukiwa tumeombwa: kwamba kumkataza mchezo ni kumwadhibu kwa kuanguka, na kwamba lingekuwa jambo la maana zaidi chuo kikinunua glovu, kikafagia changarawe uwanjani, kikawafundisha wachezaji kuachia gongo wanapoona wanaanguka. Hilo la mwisho halina gharama hata senti moja. Mkono uliofumba huanguka na fimbo, mkono uliofunguka huanguka peke yake. Wavulana wa ng'ombe nao twawaambia hivyo hivyo, ingawa wao hucheka, maana kwao kuangusha fimbo ni aibu.

Hata hivyo mkono uliofunguka nao una hatari yake, tusiidharau. Anayeanguka kwa kiganja kilichofunguka aweza kuvunja mfupa mdogo wa kifundo cha mkono uitwao skafoidi. Wazee wetu wa ugoro wanapajua mahali pake bila kusoma. Nyoosha kidole gumba juu kwa nguvu, utaona kishimo chini yake, kati ya mishipa miwili iliyosimama. Vitabu vya udaktari hukiita kishimo cha ugoro, kwa kuwa Wazungu wa zamani nao waliweka ugoro wao hapo na kuunusa. Mfupa huo uko chini ya kishimo hicho. Mtoto akianguka, na ukikibonyeza anaruka kwa maumivu, mchukulie kuwa amevunjika hata kama picha ya eksirei inasema hapana. Ufa huo mara nyingi hauonekani siku za kwanza, na hutakiwa kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14, mkono ukiwa umefungwa muda wote. Damu huufikia mfupa huu kwa njia nyembamba, ikianzia upande wa mbele. Ukivunjika katikati na kuachwa, kipande cha nyuma chaweza kukosa damu kikafa, na kijana wa miaka 17 akawa na kifundo cha mzee. Kwa hiyo ukiambiwa urudi baada ya majuma mawili, rudi, hata kama mtoto anasema amepona.

Sasa nyumbani ufanye nini kabla ya kufika kwa mganga? Jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya maji, vua pete na bangili. Twasema hili kwa mkazo kwa sababu akina mama wa huku na mabinti huvaa nyaya na shanga kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Mkono huvimba katika saa chache, nyaya hazivimbi. Tumewahi kukata bangili kwa koleo la fundi baiskeli, na mwenye bangili alililia bangili kuliko mkono. Kisha weka kitambaa cha maji ya baridi. Barafu kwetu ni hadithi, lakini maji ya mtungi yatosha. Inua mkono juu ya kifua kwa kuuning'iniza katika kanga au shuka. Parasetamoli kwa kipimo cha umri wake yafaa.

Kufunga banzi si kazi ngumu. Kidole gumba kifungwe katika hali ya mtu aliyeshika bilauri, kisivutwe nyuma wala kulazwa kiganjani. Kipande cha boksi gumu kilichokunjwa na kutandikwa kitambaa hufaa kabisa. Kidole kingine kilichoumia, ikiwa kimenyooka na hakikupinda pembeni, hufungwa pamoja na jirani yake mzima, katikati ukiweka pamba au kitambaa. Ukimaliza kufunga, bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, uachie. Rangi irudi upesi. Isiporudi, au vidole vikiwa baridi, au mtoto akilalamika ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, legeza wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane na ulifunga kwa ustadi wote. Mkono uliobanwa na bandeji huweza kuoza, na hilo tumeliona kwa mafundi wa mifupa wa kienyeji wanaofunga vijiti kwa kamba na kumwambia mama asifungue siku saba.

Juu ya mafundi hao hatutaki kuwasema vibaya wote. Wapo wenye mikono ya hekima, na mfupa mnyoofu wa mkono waweza kupona kwao. Lakini kidole gumba kilicholegea kisivutwe wala kukandwa, maana kuvuta ndiko kulikokikata. Na kidonda kilicho wazi kisipakwe kinyesi cha ng'ombe wala majivu wala udongo. Pepopunda hukaa humo. Kidonda kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, mgonjwa aletwe. Hali kadhalika yule aliyempiga mwenzake ngumi mdomoni na kupata kijidonda juu ya kifundo cha kidole: kinaonekana kidogo kama kuchomwa na mwiba, lakini meno ya mtu yana uchafu mwingi unaoingia mpaka ndani ya kifundo. Huyo aletwe siku hiyo hiyo, akitaka kueleza ugomvi ulianzaje au asitake.

Lipo pia jeraha ambalo wachezaji wa mpira wa mikono na wa magongo hulipata wote: mpira unapiga ncha ya kidole, na tangu hapo ncha inainama haiwezi kunyooka yenyewe. Halina maumivu makubwa, kwa hiyo hudharauliwa. Dawa yake ni uvumilivu. Ncha ifungwe ikiwa imenyooka, usiku na mchana, majuma sita hadi manane, na ikiinama mara moja tu wakati wa kuoga, hesabu huanza upya. Twawaonea huruma akina mama wenye watoto wa jeraha hili.

Na kwa kuwa tumeshafika zizini, tuseme neno juu ya kamba. Usimruhusu mtoto azungushe kamba ya ndama au ya punda kidoleni au mkononi wakati mnyama amefungwa upande wa pili. Mnyama akistuka, kamba hukaza ghafla. Wachunga ng'ombe wa Marekani, wale wa kutupa vitanzi, wengi wamepoteza vidole gumba kwa njia hiyo, vimekatwa kabisa. Kamba ishikwe kiganjani tu, iweze kuachiwa.

Tangu habari ya binti yake mzee yule amekuwa kama mjumbe wetu. Akiona layoni amefunga kidole kwa kitambaa humtuma kwetu, anampa na karatasi ya kubana. Majuma mawili yaliyopita alimleta mjukuu wa ndugu yake, kidole cha mwisho kimepasuka mfupa kwa rungu. Hakikupinda, tukakifunga na jirani yake, tukamwambia majuma matatu asishike fimbo kwa mkono huo. Siku ya pili alirudi, mkono mtupu. Kitambaa alikuwa amekifungulia akafungia mguu wa ndama aliyeteguka. Tulimfunga upya, tukampa na kitambaa kingine cha ndama.